Programu ya Maji ya Bondeni

Mtu mmoja aitwaye Elinihaki alikabidhiwa programu ya kompyuta, ile inayofungua na kufunga milango ya mifereji katika mashamba ya mpunga. Aliyeiandika, mama mmoja aitwaye Navoneiwa, alikuwa amekwisha kufariki. Elinihaki akaisoma mistari yote elfu sita, akaikariri, hata ukimtajia mmoja wa katikati angekuambia unaofuata. Wakulima wakamwita bingwa, naye hakukataa.

Mwaka ule, baada ya mafuriko, mto ukahama kidogo. Mfereji wa mwisho ukakosa maji, na huko ndiko mjane Nakiete alikokuwa na kitalu chake, mbegu zake zote za mwaka. Elinihaki akabadilisha namba moja. Mashamba ya juu yakafurika. Akairudisha, akagusa nyingine. Mfereji wa kati ukakauka. Miche ya mjane ikaanza kuwa ya njano. Zilibaki siku tatu, labda nne, kabla haijafa yote.

Akaenda kumwomba radhi. Mjane hakumtukana. Alivitazama viatu vya Elinihaki, akamwambia, "Baba, hayo maji unayoyasoma kila siku, umeshawahi kuyakanyaga?"

Wakatembea mferejini pekupeku tangu asubuhi hadi jioni. Mjane akamwonyesha penye mchanga unaokunywa maji kabla hayajafika popote. Akamwonyesha na jiwe kubwa ambalo maji hulizunguka yakachelewa. Hapo marehemu Navoneiwa alisimama siku nzima na saa mkononi, watu wakimwuliza kwa utani kama maji yamechelewa kazini.

Aliporudi aliifungua programu, akaisoma upya. Ile namba aliyodhani ni kosa ilikuwa kiu ya mchanga. Ule mstari uliongoja bila sababu ulikuwa jiwe. Bonde zima lilikuwamo mle, na watu wake, naye alikuwa amelipita mara mia asilione. Akawa kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wamepiga magoti wakisali. Kisha akabadilisha mistari hiyo miwili tu. Maji yakafika kwa mjane siku ya tatu. Nusu ya miche ilikuwa imekwisha kufa, nusu ikapona.

Nayasema haya mimi niliyewahi kupewa zawadi kanisani kwa kukariri zaburi, na sikuuliza hata siku moja aliyeziandika alikuwa akilia nini. Ndugu zangu, mtu anayejua kila neno, asijue kwa nini lipo, anajua nini?