Firigisi ya Fundi Mhina

Aliyeshiba asogee nyuma apate pa kupumulia, mwenye njaa aje mbele, maana hadithi hii ina jogoo ndani yake, na jogoo huyo ana firigisi moja tu.

Palikuwa na wanawake watatu ambao hata jiko moja lisingewatosha. Wa kwanza, Mwantumu, alikuwa na ulimi: akikusema asubuhi, jioni bado unajikuna. Wa pili, Daktari Nkya, alikuwa na kisu, na mkono usiojua kutetemeka. Wa tatu, Sikudhani, alikuwa na ufunguo: akishafunga kabati, hata harufu ya chakula ilipiga hodi ikitaka kutoka. Watatu hawa hawakupendana hata kidogo, nao walikutana katika tumbo la mtu mmoja, Fundi Mhina wa Muheza. Mwantumu alikuwa dada yake, Nkya daktari wake, Sikudhani mkewe.

Tumbo lenyewe sasa! Mhina alikuwa fundi cherehani, na mwaka hadi mwaka tumbo lilijisogeza kati yake na mashine, mpaka akawa anashona kwa kukisia, kama mtu anayemlisha mtoto wa jirani juu ya ukuta. Suruali zilitoka mguu mmoja wa kwendea harusini, mwingine wa kuvukia mto. Watu wakamsifu, "Fundi, umenawiri! Fundi, hiyo ndiyo afya!" Na huku sukari yake haisikii vidonge wala sindano, na mguu ule ule wa kukanyagia cherehani una kidonda kilichogoma kupona.

Tena alikuwa na njaa. Si njaa kama yako wewe unayenisikiliza. Mhina aliinuka kwenye sinia tumbo likimwuliza, "Tunakula saa ngapi?" Aliionea haya njaa hiyo kama mtu aliyefuga mbwa mwizi.

Sikilizeni kazi ya ulimi.

Kwenye harusi ya mpwa wao, kiti cha plastiki kilivunjika chini ya Mhina, mbele ya bibi harusi na kamera. Ukumbi mzima ukatazama pembeni kwa adabu. Mzee mmoja akalaumu viti vya siku hizi. Mwantumu hakutazama pembeni.

"Kiti kilikuwa kizima!" akapaza. "Mbovu ni aliyekikalia. Mlafi wewe! Ukifa leo tutabomoa ukuta kukutoa ndani. Na mguu huo ukikatwa, usiniagize magongo, mimi si seremala!"

"Dada, watu wanasikia."

"Wasikie! Wao wanakuita umenawiri, halafu wakifika kwao wanacheka. Mimi nakucheka hapa hapa!"

Alimtukana kutoka ukumbini hadi nyumbani, na kesho yake kutoka nyumbani hadi hospitali kubwa ya mjini. Getini Mhina akataka kurudi. Mwantumu akafungua kinywa upya, mpaka mlinzi akasimama wima akidhani ni mkaguzi. Mhina akaingia hospitali si kwa kutafuta tiba. Aliingia kwa kumkimbia dada yake. Kisha akajifungia chooni, akafungua bomba maji yamwagike kwa kelele, akalia. Bila ulimi ule, angekuwa bado anavunja viti.

Sasa kazi ya kisu.

Madaktari wengine walimtazama Mhina, wakatazamana. Moyo umechoka, pumzi fupi, sukari juu. "Huyu ukimpasua atabaki mezani," wakasema.

"Akibaki, atabaki mezani kwangu," akajibu Nkya, mwanamke mfupi mwenye sura ya mtu aliyechelewa kunywa chai. Akamwanzishia Mhina supu nyepesi, ini lipungue apate pa kupitisha vyombo vyake. Alipokuta maganda ya karanga chini ya mto, alimfukuza wodini.

"Nenda kale ushibe, Fundi. Mimi sipasui watu wawili, wewe na muuza karanga."

Mhina akarudi kwa aibu, akanywa supu. Nkya akampasua. Tumbo lile kubwa akalitenga, akamwachia kifuko kama yai la kuku, akakiunganisha na utumbo chini zaidi, chakula kikapata njia ya mkato. Aliposhona uzi wa mwisho, wenzake waliokuwa wamesema maneno wakaja kuomba kuutazama mshono. Bila kisu kile, ulimi ungekuwa umetukana bure.

Kabla Mhina hajapungua hata tundu moja la mkanda, sukari ikaanza kushuka. Akashangaa.

"Daktari, mbona mnene ni mimi yule yule, na sukari imenikimbia?"

"Sikukukata mafuta, Fundi. Utumbo ndio unaopeleka habari kichwani, kwamba huyu ana njaa, huyu ameshiba, sukari ishughulikiwe hivi. Kwako habari za shibe zilikuwa zinachelewa njiani. Nimebadilisha njia, na habari zimebadilika."

"Kwa hiyo sikuwa mlafi?"

"Ulikuwa mgonjwa."

Mhina akageukia ukutani. Neno hilo lilimwuma kuliko mshono. Miaka yote alikuwa amekubali tusi la dada yake kama jina la ubatizo.

Imebaki kazi ya ufunguo, na hii ndiyo iliyoleta uadui mtaani.

Daktari alikuwa ameonya: wiki za mwanzo, tonge moja kubwa laweza kuachanisha mshono, na hapo ni kifo. Sikudhani akalitia onyo hilo moyoni na ufunguo wa kabati shingoni. Akampimia mumewe uji mwepesi kwa kijiko, kisha yai laini, kisha samaki aliyechambuliwa, na vidonge vya vitamini kila asubuhi. Mhina akapungua. Mashavu yakashuka, nywele zikapukutika, na mtaa ukapata kazi.

"Amerogwa."

"Ana ule ugonjwa."

"Mkewe anamnyima, anangoja kurithi nyumba."

Wakaja na mabakuli: uji wa sukari, halua, chapati za kumimina. Sikudhani akasimama mlangoni.

"Ahsanteni. Jogoo atakula."

Na jogoo akala! Akanenepa mpaka akaacha kuwika, akawa anakohoa tu alfajiri, watu wanachelewa kazini. Mwantumu naye akaja na sinia la pilau.

"Wifi, unamuua kaka yangu kwa njaa!"

"Liweke hapo, wifi. Jogoo anapenda binzari."

Tangu siku hiyo mtaa ukamsusa Sikudhani. Salamu zake zikawa haziitikiwi bombani. Siku moja jirani akampenyezea Mhina kipande cha halua dirishani. Mhina akakimeza kwa mazoea tu, maana njaa yenyewe ilikuwa imekwisha tangu apasuliwe. Sukari ikapita ile njia ya mkato, na muda si muda moyo ukaenda mbio kama cherehani isiyo na breki, jasho likamwagika, tumbo likamsokota, akalala sakafuni akidhani ndiyo mwisho. Sikudhani akamkuta, akamlaza vizuri, akamfuta jasho, hakumtukana. Alichukua misumari tu, akalipigilia dirisha. Bila ufunguo ule, kisu kingekuwa kimekata bure.

Kidonda kikapona. Fundi akarudi kwenye cherehani, magoti yakagusa meza, na suruali zikaanza kutoka na miguu iliyolingana. Hapo akakumbuka ahadi. Alipokuwa kwenye machela akisukumwa kwenda kupasuliwa, mbele ya wote watatu, alisema, "Nikitoka mzima, firigisi yangu ataila aliyeniokoa."

Na mnajua firigisi. Nyumbani kwa Mhina, kama kwenu, ni ya baba. Akimpa mtu mbele ya watu, amesema huyu ndiye uhai wangu. Kwa hiyo jogoo yule aliyenenepa kwa chakula kilichokataliwa akachinjwa, wanawake watatu wakaketi, na firigisi ikawekwa peke yake kwenye kisahani.

"Lete," akasema Mwantumu. "Nilipokutukana, hawa walikuwa wapi?"

"Matusi hayashoni tumbo," akasema Nkya. "Mgonjwa akipona, shukrani ni za Mungu, za mke, za shangazi. Daktari anapewa shingo! Leo nataka firigisi."

"Daktari ulikesha siku moja, ukaenda kwako," akasema Sikudhani. "Mimi nimepoteza mtaa mzima."

Mhina akachukua kisu. "Niigawe vipande vitatu."

"Thubutu!" wakasema wote, mara ya kwanza kukubaliana. "Firigisi ikigawanywa inakuwa kitoweo."

Mhina akamgeukia dada yake. "Dada, uliniita mlafi mbele ya watu. Sikuwa mlafi. Nilikuwa mgonjwa."

"Ningekuita mgonjwa kwa upole, ungekwenda?"

Mhina akakiweka kisu chini, kwa sababu jibu alilijua.

Sikudhani akavua ufunguo shingoni, akauweka kando ya kisahani. "Mume wangu, mpe dada yako. Nitajua kwamba nyumba hii anayetukana hula, anayelinda hushinda njaa. Kabati hilo utalilinda mwenyewe."

"Na damu utapimwa, na vitamini utameza, maisha yako yote," akasema Nkya, akipangusa miwani. "Mimi sikutishi. Nakukumbusha."

"Nami ndiye ndugu pekee uliyebakiwa naye," akasema Mwantumu. Kisha akacheka kicheko kibaya. "Lakini mnagombania nini? Huyu hana njaa tena. Anatoa asichokitamani! Zawadi gani hiyo? Ni kutupa tu."

Mhina akaiokota firigisi, ili aibu iishe. Akaileta karibu. Ilikuwa na tangawizi, na chumvi, na moshi wa kuni. Mate yakamjaa mdomoni. Akashtuka. Haikuwa ile njaa ya zamani ya mbwa mwizi. Hii ilikuwa ndogo, yenye adabu, imeketi mlangoni inasubiri kukaribishwa. Kwa mara ya kwanza tangu apasuliwe, Mhina alitamani kitu. Na tumbo lililokatwa lilikuwa lake, si la dada, si la daktari, si la mke.

Wanawake watatu wakaona koo lake likipanda na kushuka.

"Usithubutu," akasema Sikudhani.

Mkono wa Mhina uko hewani mpaka sasa, mchuzi unamtiririka hadi kwenye kiwiko. Nimewaacha pale pale, mimi sipendi ugomvi wa watu. Haya, ninyi mnaojua kuhukumu nyumba za wenzenu: kuna ulimi, kuna kisu, kuna ufunguo, na kuna tumbo lenyewe. Firigisi inapoa. Ungekuwa wewe ndiye Mhina, ungeitia mdomoni mwa nani?