Ndama Mmoja, Vyuma Vitatu

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, mtandao ulipokuwa umefika mlimani lakini bondeni bado, aliishi mama mmoja jina lake Ngolo. Alikuwa na watoto wanne na ng'ombe mmoja. Ng'ombe huyo, Tulizo, ndiye aliyekuwa maziwa yao, jembe lao na ada yao ya shule. Tena alikuwa na mimba. Jumatatu asubuhi Ngolo akakuta zizi tupu, kamba imekatwa kwa kisu.

Akapiga yowe, watu wakajaa. Akaapa mbele yao: "Atakayenirudishia Tulizo, ndama aliye tumboni ni wake!"

Loo! Kweli ulimi hauna mfupa.

Kila mtu alijua Tulizo atauzwa Alhamisi kwenye mnada wa Mwanhala, kule bondeni. Wezi waliupenda mnada ule kwa sababu moja: hapakuwa na mtandao. Chama cha wafugaji kilikuwa na tovuti yenye ng'ombe wote wa mlimani. Ukiandika chapa iliyochomwa pajani, unaletewa picha ya ng'ombe na jina la mwenyewe. Bondeni haifunguki. Na Mzee Jidayi, msimamizi wa mnada, hakubali picha wala karatasi. Alishaletewa za kughushi hadi akachoka. "Leteni daftari zima," husema, "niliulize mwenyewe."

Ngolo akamwendea Luhende, fundi wa kompyuta. "Mwanangu, nitilie tovuti nzima ndani ya kompyuta yako, ifunguke hata pasipo mtandao."

Luhende akatunga programu ya kufungua kila ukurasa na kuuhifadhi. Jumanne mchana akasema, "Mama, tayari." Akaandika chapa ya Tulizo. Tulizo huyo, na macho yake yale yale! Watu wakashangilia.

Ngolo akakaa, akasimama, akakaa tena. "Twende bondeni tukajaribu."

"Mama, si umeiona?"

"Nimeiona hapa penye mtandao. Inuka, twende."

Wakashuka. Ukurasa wa salamu ukafunguka. Picha ya mwenyekiti wa chama ikafunguka, anacheka. Luhende akaandika chapa: kiduara kikazunguka, kikazunguka, basi. Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa ameijaribu nyumbani, mtandao ukiwa umewashwa! Fundi mzima!

"Mama," akasema, "kurasa za ng'ombe hazijakaa mahali zikitungoja. Ukiuliza chapa ndipo tovuti inakwenda ghalani, inachota habari, inakupikia ukurasa papo hapo. Ghala liko mjini, na wenye ufunguo hawatupi. Programu yangu inaweza kuuliza chapa moja moja na kuhifadhi kila jibu. Lakini Mzee Jidayi anataka ng'ombe wote, nayo haijui chapa zao."

"Nani anazijua?"

Alizijua Minza, mchanja mifugo, aliyewadunga sindano ng'ombe wa mlima ule miaka kumi na miwili. Daftari lake lililiwa na mchwa. Chapa zote zilibaki kichwani. Ila kesho yake, Jumatano, binti yake wa pekee alikuwa anaolewa. Minza alimtazama Ngolo, akavua kitenge cha harusi, akaenda kwa Luhende. Tangu alfajiri akawa anataja chapa, Luhende anaandika, programu inauliza. Ng'ombe elfu moja na mia mbili! Ngoma ya harusi inasikika ng'ambo, yeye anataja. Sauti ikamkauka, akataja kwa kunong'ona. Alipomaliza, bibi harusi alikwisha kuondoka.

Alhamisi wakafika Mwanhala jua limepanda. Masikini Ngolo! Tulizo yuko juu ya lori tayari, injini inanguruma. Mzee Jidayi akaipokea kompyuta. "Subirini niulize." Akauliza kwanza chapa za ng'ombe watano ambao wenyewe wao aliwajua, aone kama daftari linasema kweli. Alikuwa anaandika kwa kidole kimoja, jamani, na Ngolo anazunguka lori kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Tajiri wa lori akamfokea dereva, "Ondoa gari!"

Dereva huyo, Mahona, hakujua hili wala lile. Alimwona tu mama ameng'ang'ania bodi ya lori, analia. Akazima injini, akachomoa ufunguo, akautupa kwenye dimbwi la samadi. Kazi yake ikaishia hapo hapo. Mzee Jidayi akaandika chapa ya sita. Akatokea Tulizo, na chini yake jina la Ngolo. Ng'ombe akashushwa.

Miezi mitatu baadaye akazaliwa ndama jike, mwekundu. Wakaja watatu, kila mmoja na chuma chake cha chapa.

Luhende akasema, "Bila programu yangu, chapa za Minza zingekwenda na upepo. Ndama ni wangu."

Minza akasema, "Bila mimi, programu yako ilileta nini? Picha ya mwenyekiti! Na harusi ya mwanangu sitaiona tena. Ndama ni wangu."

Mahona akasema, "Nyinyi mlikuwa na daftari, mimi nilikuwa na ng'ombe. Ningekanyaga mafuta mngebaki mkisoma. Tangu siku ile sina kazi. Ndama ni wangu."

Ngolo akawasihi, "Jamani, mmoja achukue huyu, wengine wangoje watakaofuata."

"Uliapa huyu," wakasema wote watatu.

Na tovuti nayo, kwenye jina la mwenye ng'ombe, inapokea jina moja tu.

Basi Jumamosi kijiji kizima kikajaa zizini. Vyuma vitatu vimo motoni, vimeiva. Ndama amelazwa, miguu imefungwa. Aliyeapa ndiye apige chapa. Ngolo akashika chuma cha kwanza, akakiacha. Akashika cha pili, akakiacha. Akashika cha tatu, akakirudisha motoni. Ndama analia, mama yake anamwitikia, na wale watatu, watu wake wema, wanamkodolea macho.

Haya, nyie wasikilizaji mliokuwa mkimcheka kwa kiapo chake! Moto unazima. Mngeinua chuma cha nani? Je, nani alistahili?