Uso wa Spesina Sakafuni

Sogeeni, na mwenye sufuria motoni aiteremshe kabisa, maana hadithi hii huunguza chakula cha watu. Leo nawapa watumwa watatu na uhuru mmoja. Mtaugawa wenyewe.

Zamani za Warumi, walipotawala kaskazini ya Afrika hii yetu, palikuwa na tajiri wa mizeituni jina lake Rogato. Nyumba yake ya shamba ilikuwa na nguzo za marumaru, na maji ya moto ya kuogea, na chumba cha karamu kikubwa kuliko ukumbi wa harusi wa mtaani kwetu. Watu hao, nisiseme uongo, walikula wamelala ubavu kama wagonjwa, na mifupa wakiitupa chini. Wa kuokota si yupo?

Katika nyumba hiyo walikuwamo Barika, mlezi mzee, aliyeweza kuchora sura ya mtu yeyote kwa kipande cha mkaa. Na Namfamo, mkata vijiwe, ambaye nyundo yake ilichonga kijiwe kidogo kama punje ya mtama bila kukivunja. Na Gududo, fundi wa sakafu, aliyepanga vijiwe hivyo kwenye chokaa mbichi mpaka vikawa samaki, zabibu, simba, chochote utakacho.

Rogato na mkewe Donata walikuwa na binti mmoja tu, Spesina. Homa ikamchukua wakati wa kuvuna zeituni.

Donata hakulia. Aliwekewa chakula, akala. Aliinuliwa, akainuka. Ukimsalimu aliitika, halafu anakutazama kama anayetazama ukuta. Mashoga zake walikuja na machozi yao wenyewe, wakayamaliza, wakaondoka wakinong'ona, "Yule hana moyo." Nyumba nzima ikafa ganzi pamoja naye. Wapishi walipika bila kugombana. Hebu fikiri, jiko lisilo na ugomvi!

Rogato akaingiwa na hofu. Akasimama mbele ya miungu yake ya nyumbani, akaapa watu wote wakisikia: "Atakayemliza mke wangu, nitamshika bega mbele yenu, na tangu hapo ni huru. Mmoja." Alikuwa mkono wa birika hata kwenye kiapo.

Kisha akaamuru sura ya Spesina iwekwe katikati ya sakafu ya chumba cha karamu.

Barika akachora. Rogato alitaka binti mwenye taji, lakini kikongwe alimchora kichwa wazi, anacheka, na pengo la jino la mbele.

"Pengo la nini hilo?" Rogato akafoka.

"Jino hilo nililing'oa mimi kwa uzi, Bwana. Ukitaka binti mwenye meno yote, kaazime wa jirani."

Rogato akanywea. Barika alimlea yeye pia.

Namfamo akakata. Nywele zilipata jiwe jeusi, mashavu yakapata marumaru. Macho ndiyo yaliyomshinda. Spesina alikuwa na macho ya kijani, na jiwe la kijani kile halikuwapo. Lakini Namfamo alikuwa na bangili ya kioo cha kijani, ya marehemu mama yake, kitu pekee alichokiita chake. Akaiweka juu ya chuma, akaipiga nyundo.

"We, umepata wazimu?" Gududo akamuuliza.

"Nina mimba, ndugu yangu. Mtoto akizaliwa nami ni mtumwa, naye mtumwa. Bangili ataivalia wapi?"

Gududo akapanga. Na hapo ndipo palipoharibika. Watumwa hawakuruhusiwa kupita mlango wa mabwana. Maisha yake yote Gududo alikijua chumba kile kutoka mlango wa jikoni, basi akaipanga sura itazamike kutoka jikoni. Aliyelala kwenye vitanda vya karamu alimwona mtoto nywele chini, kidevu juu. Rogato alipokuja kutazama, chokaa imeshakauka.

"Umempindua mwanangu!"

"Bwana, mimi vitandani kule sijapata kulala. Ningejuaje?"

"Utajulia kwenye machimbo ya mawe. Karamu ikiisha, unakwenda."

Na aliyepelekwa machimboni hakurudi kusimulia.

Karamu ikafika. Donata akalazwa mahali pake. Jirani mmoja mwenye tumbo lake alikula samaki, mwiba akautupa chini. Ukaangukia shavu la Spesina. Donata akautazama. Kwake ilikuwa rangi tu, na mwiba tu.

Jua la alasiri likapenya, likagonga vile vioo vya kijani, vikawaka. Donata akakunja uso. Akatazama tena, asielewe, maana sura imepinduka. Akainuka, mwenyewe, bila kuinuliwa. Akazunguka hadi mlango wa jikoni, mahali ambapo bibi wa nyumba hakupata kusimama. Akageuka. Akaliona pengo.

Akapiga magoti, akautoa mwiba shavuni kwa vidole viwili. "Nani amemtupia mwanangu taka?"

Ndipo akalia. Alilia mpaka wapishi wakaanza kugombana tena, nani ampelekee maji.

Rogato akawaita wote watatu. "Nani amemliza?"

"Bila pengo angemlilia nani?" akasema Barika. "Uhuru huu umeniahidi tangu hujaota ndevu, Bwana. Kila mara unasahau."

"Bila kioo asingetazama," akasema Namfamo, mkono tumboni.

"Ningempanga sawasawa," akasema Gududo, "Bibi angemwona pale pale alipolala, akaendelea kulala."

"Ulikosea, mwanangu!" Barika akamkatiza.

"Nilikosea, mama. Lakini alisimama."

Rogato akamgeukia mkewe. "Donata, kilichokuliza ni kipi?"

"Sijui," akasema Donata. "Niliinuka tu."

Basi nyumba ile ilikuja kufukiwa na udongo, na juzi juzi wachimbaji wa mambo ya kale wameifukua, wakaisugua sakafu kwa brashi. Spesina bado ana pengo, bado anatazama jikoni. Ila jicho moja halipo. Kioo kimeng'olewa taratibu, kijiwe cha pembeni yake hakikuguswa. Niliowasimulia kabla yenu waligombana hapo: huyu anasema Namfamo aliondoka huru, akamchukulia mwanawe kipande cha bangili ya bibi yake mzaa mama, yule anasema la, alikichukua kwa sababu uhuru hakuupata, wala kingine.

Mimi simo. Ninachojua, Rogato bado amesimama pale, mkono ameunyoosha, na mabega matatu yako mbele yake: moja limezeeka likingoja, moja la mwenye mimba, moja linasubiriwa na machimbo. Haya, na wewe unayejifanya unachambua mchele: mkono huo ungeushusha kwenye bega la nani?