Kwa Nini Uboho Hukaa Ndani ya Mfupa

Zamani hizo, mifupa ilipokuwa mitupu ndani, mwili wa binadamu ulikuwa mji, na wenyeji wake walikuwa wadogo hata jicho halikuwaona. Wote walizaliwa wa aina moja. Mimba ikiwa changa, yeyote kati yao aliweza kuwa chochote, jino au mshipa, bila kusumbuka. Lakini mji ulipokua, Jumbe Mwinyihaji, aliyekaa juu kichwani na kupenda utaratibu kuliko chakula, aliamuru kila mmoja aape kazi. Na aliyeapa hageuki. Wa mfupa atakufa mfupa, wa moyo atadunda mpaka mwisho.

Watu wakaapa kwa vigelegele, wakabaki wachache wasioapa. Mmoja wao alikuwa Somoe. Hakuwa mvivu, alizipenda kazi zote, na kila alipofikishwa mbele ya kiapo ulimi ukawa mzito. Mji ukamcheka, ukamwita mdoezi. Mtaka yote hukosa yote, walimwambia, na kusema kweli hata yeye alianza kuamini.

Mwishowe Jumbe akawafukuza wote wasioapa. Wengine walitupwa pamoja na kitovu siku mtoto alipozaliwa, wengine wakajificha chini ya ngozi. Somoe alikimbilia pajani, akakuta mfupa mtupu kama mwanzi, akaingia. Hakuna aliyemjali ila kaka yake Faki, mchukuzi wa damu, aliyepita kila siku kwenye ufa wa mfupa kumletea hewa na habari za mjini.

Jumbe na utaratibu wake wote hakujua jambo moja: mchukuzi wa damu haishi zaidi ya miezi minne. Mwezi wa nne ulipofika, wachukuzi wakaanza kuanguka njiani. Ngozi ikapauka, moyo ukaenda mbio bila faida, mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia. Jumbe aliwasihi mafundi wa mifupa wageuke wachukuzi. Walijaribu kwa moyo wote, wakashindwa, maana walikuwa wameapa.

Siku hiyo Faki alifika kwenye ufa akitambaa.

“Somoe mdogo wangu,” alisema, “leo sirudi. Na nyuma yangu hakuna mtu.”

Somoe alimpakata, akalia. Akiapa sasa awe mchukuzi, mji utapata mtu mmoja tu, naye baada ya miezi minne atazikwa. Asipoapa, mji unakufa leo hii. Ndipo akafanya jambo ambalo mjini hakuna aliyelikumbuka tena. Alijigawa, wakawa Somoe wawili. Mmoja akaapa, akatoka mwekundu na mzigo wa hewa mgongoni. Wa pili akabaki vilevile, bila kiapo, akajigawa tena.

Faki aliwaona kumi wa kwanza wakipita, akafumba macho ameridhika. Hata kufikia adhuhuri walikuwa maelfu. Wakatoka wachukuzi, wakatoka askari weupe wa kupigana na maradhi, wakatoka mafundi wa kuziba majeraha. Midomo ikarudiwa na rangi, na mtoto akalia kilio kikali, mama yake akacheka na kulia kwa pamoja.

Jumbe alishuka kichwani kwa mara ya kwanza, akavua kilemba mbele ya ufa. Alimwomba Somoe radhi, akamwambia achague cheo akitakacho.

“Sitaki cheo, Jumbe,” alijibu. “Nataka wenzangu wasifukuzwe, na mimi mniache hapa, nisiape.”

Na tangu siku hiyo Somoe na wenzake, ndio uboho, hukaa ndani ya mfupa. Damu ya mtu ikiharibika, daktari huomba uboho wa ndugu yake, akautia mshipani, nao huufuata mfupa bila kuonyeshwa njia. Wale wa kitovu siku hizi huwekwa kwenye baridi kali wamsubiri mgonjwa, na wale wa chini ya ngozi huoteshwa wamfunike aliyeungua. Wa mimba changa, wawezao kuwa chochote, wataalamu wangali wanabishana kama ni halali kuwagusa. Nawe ukijikata kisu ukaona damu inakutoka, ifunge tu, usihofu. Yumo mmoja mfupani mwako ambaye hajaapa bado.