Mfalme wa Milima na Gari la Viazi

Kifuniko cha birika kilikuwa kikigonga gizani, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja jioni, na Bibi Edina hakuwa na haraka ya kutafuta kibatari. Wajukuu zake walikuwa wamelizunguka jiko la mkaa. Mkubwa wao, Beno, alikuwa akiisifia pikipiki aliyoiona sokoni, yenye vioo vinne na taa za rangirangi mpaka kwenye matairi. Hiyo ndiyo atakayoinunua, alisema, apate kubebea mbao kutoka msituni.

"Tope halitazami rangi," Bibi akasema.

"Kila siku unatuambia hivyo, Bibi. Kwani nani alilisema kwanza?"

"Alilisema mwenye rangi yenyewe. Ndiyo maana watu walimsadiki." Akaepua birika, kifuniko kikanyamaza. "Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi."

Huko Lufumbi, juu kabisa, ambako ukungu huamka kabla ya watu, palikuwa na mama kijana aliyeitwa Yusta. Mumewe alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chai, mbali, na yeye alibaki na binti yao wa miaka mitatu, Twilumba. Asubuhi moja ya masika Yusta alikuwa ameketi barazani akichambua maharage kwenye ungo. Mtoto alichukua harage moja, akalitia mdomoni, akacheka kwa sababu mama alimkunjia uso. Katika kile kicheko, harage likaenda kusikotakiwa.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Kisha kikohozi kikakoma, na Yusta akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Ndipo akasikia mluzi. Kila mtoto alipovuta pumzi, kifua kilipiga mluzi mwembamba, kama upepo unaopita kwenye ufa wa dirisha.

Sista wa zahanati aliweka sikio kifuani pa mtoto, akainuka taratibu.

"Mama Twilumba, nisikilize vizuri. Harage limeingia kwenye njia ya hewa. Mimi sina kifaa cha kulitoa. Hospitali ya misheni wanacho. Lakini harage likilowa huvimba, unajua mwenyewe. Inabidi awe amefika leo, jua likiwa bado juu. Mkalishe wima. Usimpige mgongoni. Na jambo moja kubwa: asilie. Akilia atavuta pumzi kwa nguvu, na harage litahama."

"Asilie," Yusta akarudia, akatabasamu mbele ya mwanawe. Tabasamu lile hakulivua tena siku nzima.

Sasa, asubuhi hiyo kijijini palikuwa na magari mawili. La kwanza lilikuwa la Lutengano, mzee wa kubeba viazi. Lilikuwa gari la zamani ambalo hakuna aliyekumbuka lilizaliwa na rangi gani. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba ya katani, na taa moja ilikuwa kama jicho lenye mtoto wa jicho. Watu waliliita Kiraka.

La pili lilikuwa la Gaudensi Chaula, mfanyabiashara wa mbao. Nalo lilikuwa la zamani, umri mmoja na Kiraka, lakini Gaudensi alilikuta limetupwa, akalipeleka kwa mafundi mjini, wakalikarabati miaka miwili. Lilirudi likiwa la kijani iliyokolea, bampa inayong'aa kiasi cha kujitazamia, taa sita juu ya paa, matairi mapana, bomba la hewa la kuvukia maji limepanda ubavuni kama shingo ya bata, na mbele kabisa winchi ya kujikwamulia yenye kamba ya chuma na ndoano nyekundu. Ubavuni liliandikwa Mfalme wa Milima. Lilikuwa limetoka kushinda kikombe kwenye maonyesho ya magari ya zamani. Siku za mvua lilivikwa turubai.

Watu wa Lufumbi wana desturi yao: mgonjwa hubebwa na kilicho bora kijijini. Enzi za machela, machela ilitandikwa blanketi la harusi, hata kama mwenyewe alikuwa bado hajalilalia. Kwa hiyo siku ile hakuna aliyejadili. Wazee walikwenda moja kwa moja kwa Gaudensi, wakalivua turubai.

Lutengano aliyekuwa akipakia magunia alisema tu, "Mimi nashuka sasa hivi. Kama atapenda kukaa hapa mbele."

"Mtoto ni gunia?" mama mmoja akamjibu. "Wewe na Kiraka chako."

Lutengano akacheka, akaendelea kupakia. Yusta alilisikia jibu lile na moyoni akalikubali. Mwanawe alistahili kizuri. Kwani winchi si ile inaonekana?

Gaudensi alishika funguo akasimama kidogo, kama mtu aliyesahau neno. Kisha akafungua mlango.

Beno akamkatiza Bibi hapo. "Kwani alikuwa anajua kitu?"

"Alijua."

"Sasa mbona hakusema?"

"Watu sitini wanakutazama, wamekuletea mtoto kwa heshima. Wewe ungesema?"

Beno akasogeza kikombe. Bibi akamimina chai, akaendelea.

Walikwenda vizuri mpaka Kona ya Mianzi. Hapo njia ni nyembamba: juu ukingo wa udongo mwekundu, chini bonde lililojaa mianzi. Mvua ilikuwa imelainisha udongo ukawa kama ugali wa ulezi. Gari likaserereka, matako yakakaa upande, likasimama limekata njia nzima. Gaudensi akakanyaga mafuta. Matairi mapana yakazunguka palepale, yakijipaka tope kama mtoto anayechezea uji. Akakanyaga tena, na gari likazama mpaka kwenye ekseli.

Yusta aliteremka, mtoto kifuani ndani ya khanga. Mluzi ulikuwa umepanda sauti, na katikati yake sasa palikuwa na mapengo.

Haukupita muda, Kiraka kikatokea juu ya kona, kinanguruma, watu wamekaa juu ya magunia. Lutengano akashuka, akatazama tope, akatazama gari, akatazama mti mkubwa uliokuwa ng'ambo ya kona.

"Hili dogo," akasema. "Tufunge winchi kwenye ule mti, lijivute lenyewe."

Akaishika ile ndoano nyekundu na kuvuta. Kamba ikatoka pima moja, ikaisha. Ncha ikabaki inaning'inia mkononi mwake.

"Ndugu yangu, hii kamba imekatika?"

"Haijakatika," Gaudensi akasema. "Ndiyo yote."

"Yote?"

"Ni pambo. Ndani hakuna mota."

Lutengano akairudisha ndoano mahali pake kwa adabu, kama mtu anayefunika chungu kisicho chake.

"Basi washa na miguu ya mbele, ivute pamoja na ya nyuma."

"Ya mbele haivuti. Niliwaambia mafundi waitoe shafti ya kuizungusha. Ilikuwa inavuma kwenye lami."

"Na lile bomba la..."

"Mzee Lutengano, bomba usiliulize."

Siku nyingine watu wangecheka mpaka walale chini. Siku ile hakuna aliyecheka, maana ule mluzi ulisikika. Lutengano akalizunguka gari mara moja.

"Mimi siwezi kulivuta kurudi juu, nitazama pamoja nalo. Mbele haliendi. Kupita pembeni yake hakuna nafasi. Kiraka kwa uzito wa magunia haya kinakanyaga tope, kinafika hospitali. Tatizo ni mlango umefungwa, na komeo ni gari lako."

Kila mtu alilitazama bonde, kisha ile rangi ya kijani, kisha Gaudensi. Miaka miwili ya mafundi. Kikombe kilikuwa bado kipo kwenye kiti cha nyuma, ndani ya kitambaa.

Yusta akamsogelea. Alikuwa bado ametabasamu, kwa ajili ya mtoto, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayeshika ukuta.

"Kaka Gaudensi, njia ni hii moja."

Gaudensi alimtazama mtoto. Twilumba alikuwa amefungua mdomo kama kifaranga, akisubiri pumzi ije. Mkono wa Gaudensi ukaingia ndani ya gari, ukaondoa breki ya mkono.

"Lisukumeni," akasema. "Mianzi italishika."

Hapo palikuwa na shida ndogo. Watu wa milimani hawajui kusukuma bila kuimba. Mmoja huanzisha kwa sauti ya juu, wote huitikia, ndipo nguvu hukutana. Wa kwanza alipofungua kinywa, Yusta aliinua kiganja, maana mtoto alikuwa ameshtuka na mdomo umeanza kukunjika. Wakaelewa. Lutengano akapanda kwenye ukingo pale walipoweza kumwona wote, akainua mkono. Mkono ukishuka, wanasukuma. Ukipanda, wanapumua.

Watu ishirini walisukuma kimyakimya. Ilisikika miguu tu ikifyonza tope. Gaudensi mwenyewe alikuwa katikati, bega lake kwenye yale maandishi, viatu vimebaki ndani ya matope. Mara ya tano gari likakubali, likateleza ukingoni, likaingia kwenye mianzi. Mianzi ikalikwaruza kutoka taa mpaka mkia, sauti ndefu ya kukereza meno, kisha ikalishika kama ilivyosemwa. Twilumba aligeuza shingo kutazama. Hakulia.

Lutengano alimkalisha Yusta mbele na kumfungia mlango kwa ile kamba ya katani. Kiraka kikaingia kwenye tope kwa uzito wa magunia yake, kikayumba, kikang'ata, kikapita. Njia yote Yusta alihesabu pumzi za mwanawe, na kila alipofika kumi alianza upya, asije akaijua jumla yake.

Walifika jua likiwa bado juu. Daktari, binti kijana mwenye mikono midogo, alimchukua mtoto, mlango ukafungwa. Yusta akakaa kwenye benchi. Alichokiogopa sasa ni kwamba hakuusikia tena ule mluzi, na hakujua kama ni heri au ni shari.

Mlango ulipofunguka, daktari alikuwa na kibakuli kidogo cha chuma. Ndani yake harage lilikuwa limevimba karibu mara mbili, ganda limepasuka.

"Limetoka lote," akasema. "Kifua kinapumua pande zote mbili. Lingekaa mpaka usiku, tungekuwa tunazungumza mengine. Atalala kidogo kwa dawa. Unaweza kuingia."

Yusta akasimama. Akacheka peke yake, na machozi aliyoyazuia tangu asubuhi yakatoka kwa mpigo, nalo tabasamu la kujilazimisha likaanguka, likaja la kweli.

Yusta alikuwa bado akijipangusa uso, Lutengano kando yake, Gaudensi alipoingia kwa miguu, amepakwa tope mpaka kiunoni. Alisimama mlangoni, akamtazama Yusta, na alipouona uso wake hakuuliza. Akakaa kwenye benchi kama gunia lililoshushwa.

"Mfalme umemwachia nani?" Lutengano akamchokoza.

"Analindwa na mianzi."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri zamu alimtambua. "Wewe si ndiye mwenye lile gari la kikombe? Limekwamaje, na uzuri wote ule?"

Lutengano akatazama pembeni, asimwaibishe mwenzake. Lakini Gaudensi alikuwa amekwisha aibika, na aibu iliyokwisha huwa nyepesi.

"Mama," akasema, "tope halitazami rangi."

Yule mama akacheka, Lutengano akacheka, na Gaudensi mwenyewe akacheka kuliko wote. Jioni ile neno likapanda mlima pamoja na Kiraka, likashuka kila kituo. Miezi miwili baadaye Mfalme wa Milima alikuwa na shafti ya mbele na winchi yenye mota ndani. Mikwaruzo ya mianzi Gaudensi aliiacha hivyohivyo, na tangu hapo mtu wa Lufumbi akitaka kuingia kazi ngumu kwa kitu cha kupendezesha macho, hata mtoto humwambia: tope halitazami rangi.

Hayo ya baadaye Yusta hakuyajua bado. Mchana ule alikuwa ameinama juu ya kitanda, akisikiliza pumzi zisizo na sauti yoyote. Twilumba akafumbua macho, akatazama dari, akamtazama mama yake.

"Mama, nina njaa," akasema.