Mawe Yaliyotiwa Kifungoni

Hapo zamani, katika mji wa Kingoni, palikuwa na sultani akiitwa Zahrani, na jumba lake lilikaa ukingoni mwa kilima, limeinama kidogo kama mtu anayechungulia chungu cha jirani. Chini ya kilima ndiko walikokaa watu na mashamba yao ya mahindi na mihogo. Sultani huyu hakuwa mwovu wa kupindukia, maana wapo waliomzidi. Ila alikuwa na kasoro moja, hakupenda kusikia kilio. Mtu akilia karibu naye, chakula hakimshuki. Basi akapiga marufuku, asilie mtu mahali popote ambapo sauti yake yaweza kufika barazani. Watoto wachanga wa jumbani wakahamishiwa nyumba ya mbali, na wafiwa wakawa wanalia kwa zamu, tena kwa kunong'ona.

Ikawa kila masika kilima kile humomonyoka, udongo ukateremka na kufukia mashamba ya watu, na jumba likazidi kuusogelea ukingo. Sultani akamwita mwashi mmoja, jina lake Ameir, akamwambia, "Nijengee ukuta wa kuuzuia udongo huu. Uwe wa mawe na chokaa, uwe mweupe, na usivuje hata tone."

Ameir akasema, "Bwana wangu, ukuta wa namna hii sharti uachiwe matundu, maji ya nyuma yapate pa kutokea."

"Matundu! Ukuta wangu ukae ukitiririkwa na machozi mbele ya wageni? Ziba!"

Ameir akaziba. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Ukuta ukasimama mweupe pe, watu wakausifu kiangazi kizima. Masika yalipoingia, maji yakajaa nyuma yake, ukuta ukavimba tumbo, na asubuhi moja ukapasuka kwa kishindo. Mawe yakabingirika mpaka mashambani, na nusu ya baraza la Sultani ikayafuata. Sultani akaghadhibika, akaamuru Ameir afungwe, akaapa mbele ya watu: "Masika yajayo kilima hiki kikisogea hata shibiri, mwashi huyu hatoki gerezani ila kwa jeneza." Waashi wengine waliposikia kiapo hicho, wote kwa pamoja wakakumbuka kwamba wana wagonjwa wa kutazama katika miji ya mbali.

Basi Ameir alikuwa na mke, jina lake Mize. Kila siku alikwenda lango la gereza kumlilia mumewe, na kwa kuwa gereza lilipakana na jumba, kila siku askari walimfukuza kwa fimbo. Akawa hana pa kulilia ila kwa mdogo wake, Vuai. Kazi ya Vuai ilikuwa kusuka matenga, yale makapu makubwa ya fito ambayo watu hubebea kuku kuwapeleka sokoni. Alikuwa maskini wa kutupwa, lakini mdomo wake ulikuwa tajiri.

"Mdogo wangu," Mize akamwambia, "masika hayako mbali na hakuna mtu anayejenga. Mume wangu tutaonana ahera."

Vuai alikuwa ameshika tenga lenye kuku, nao wanapigana humo ndani, wanarukiana, wanasukuma huku na huku, na tenga limekaa palepale. Akalitazama kwa muda. Kisha akasema, "Dada, nipe lile jiwe lililolala kwenye mihogo yako."

"La nini?"

"Nataka kulipeleka kwa Sultani. Ni mtoro."

Mize akamtazama kwa huruma, akasema moyoni, huyu naye ndiyo ameshakwenda. Lakini jiwe akampa.

Kesho yake Sultani aliketi katika nusu ya baraza iliyobaki, na waziri wake Nasibu pembeni, wakamwona Vuai anaingia na tenga kichwani, jasho linamchuruzika. Akalitua, akasujudu, akasema, "Ee Bwana wangu, Mungu akuweke. Nimemkamata mtoro."

Waziri akachungulia. "Hili si jiwe?"

"Naam, jiwe. Liliwekwa na Bwana wetu ukutani lilinde kilima. Nimelikuta kwenye mihogo ya dada yangu, limelala chali. Nikaliuliza, nani amekupa ruhusa ya kuondoka? Halikujibu, na asiyejibu amekiri."

Watu wa baraza wakaziba midomo kwa vilemba. Vuai akaendelea, uso mkavu kabisa. "Bwana wangu, aliyekimbia lindo ni nani? Ameir hakukimbia, walimkuta kwake anakunywa uji. Mawe ndiyo yaliyokimbia, tena mchana kweupe, tena kwa kelele. Nashangaa asiyekimbia yumo gerezani, na waliokimbia wanaota jua mashambani."

Sultani alikuwa hajacheka tangu baraza lake lianguke, akaona raha. Akasema, "Vema, msuka matenga. Wakamate watoro wote uwafunge palepale walipokimbia, chini ya jumba langu, kabla ya masika. Chokaa sikupi, imekwisha. Na akitoroka hata mmoja, utaingia wewe gerezani ukae na yule mwashi."

"Nimesikia na nimetii. Lakini gereza la Sultani hujengwa kwa mali ya nani?"

"Kwa mali ya Sultani."

"Basi naomba ule waya uliomo ghalani." Maana Sultani aliwahi kuagiza waya kutoka Bara Hindi amjengee tausi wake tundu, na tausi, kwa kutopenda kungoja, akaenda zake. "Na mfungwa wa Sultani," Vuai akauliza tena, "hula kwa nani?"

Wazee wa baraza wakajibu kabla Sultani hajafumbua kinywa, "Hula kwa Sultani. Ndiyo desturi ya Kingoni tangu enzi za mababu."

Sultani akataka kusema jambo, akaona watu wote wanamtazama, akalimeza. Ikaandikwa kwamba kila chumba cha wafungwa kipate kapu la mchele.

Basi Vuai akateremka kwa watu wa chini, wale ambao mashamba yao yalifukiwa, akawaambia, "Kuna kazi, na kuna wali." Wakaja wote, hata waliokuwa wagonjwa. Akawafundisha kusuka waya kama asukavyo fito, wakafanya matenga ya pembe nne, makubwa kama vitanda, yenye vifuniko, kila tenga ndicho chumba kimoja cha wafungwa. Wakasawazisha ardhi chini ya kilima, wakayapanga matenga kwa safu, wakayafunga moja kwa jingine. Kisha wakaleta watoro. Vuai hakukubali mtu amwage mawe ovyo. Kila jiwe lilipangwa kwa mkono, makubwa mbele, madogo katikati ya mapengo, mpaka likose pa kutikisikia. "Mfungwa asipewe nafasi ya kugeuka," alisema, "akigeuka atafikiri, akifikiri atatoroka." Wakafunga vifuniko kwa waya, wakapanda safu ya pili juu, imerudi nyuma kidogo, imeegemea kilima, kisha ya tatu. Nyuma yake wakajaza kokoto.

Na kila adhuhuri sufuria zilikuwa jikoni. Waziri Nasibu akapata habari, akaja mbio, akamkuta Vuai na watu wake wanakula wali, vidole vinang'aa.

"Mwizi wee! Hicho ni chakula cha wafungwa!"

"Bwana Waziri, wape mwenyewe," Vuai akasema, akamkabidhi sahani. "Mimi nimebembeleza nimechoka. Wamesusa."

Waziri akasimama mbele ya matenga ya mawe, sahani mkononi, watu mia wanamtazama. Nasema kweli, alifikiri kidogo kabla ya kuona haya.

"Na chakula alichosusa mfungwa," Vuai akauliza kwa adabu, "sheria yasema kiende kwa nani?"

"Kwa mlinzi," Waziri akasema kwa sauti ndogo.

"Karibu basi, Bwana Waziri, ulinde na wewe." Na Waziri, kwa kuwa alikuwa ametembea mwendo mrefu na wali ulikuwa wa nazi, akalinda.

Masika yakaingia, na masika ya mwaka ule hayakuwa na mzaha. Mvua ikapiga siku baada ya siku. Mize hakulala. Alikwenda lango la gereza akasimama kwenye matope, akikisikiliza kilima, maana kikishuka, ameondokewa na mume na ndugu kwa mkupuo mmoja. Naye Vuai alisimama chini ya matenga yake, amelowa chapachapa, na leo hakuwa na neno hata moja la kuchekesha. Alikuwa anaogopa, kama mtu yeyote.

Kilima kikaguna. Udongo ukasukuma. Matenga yakatoa mlio wa waya unaokazwa, yakabonyea kidogo kama mtu anayejiweka vizuri kitini, yakatulia. Halafu kati ya mawe, kila mahali, maji yakaanza kutoka.

Sultani alikuwa juu, anatazama. Akateremka kwa miguu yake, kanzu imeshikwa magotini, akapiga kelele, "Ewe Vuai! Ukuta wako unalia!"

"Naam, Bwana wangu, unalia."

"Nimepiga marufuku kilio!"

Vuai akapangusa uso. Akasema, "Bwana wangu, ule wa kwanza ulitii. Ulikatazwa kulia, ukanyamaza, ukayaweka yote kifuani, mweupe, mzuri, watu wakausifu. Ukanyamaza mpaka ukapasuka, ukaondoka na nusu ya baraza lako. Huu haujui adabu, unalia mbele yako. Lakini utazame: unalia, na umekaa mahali pake."

Sultani akatazama. Maji yalikuwa yanatoka safi kabisa, udongo umebaki nyuma, na hapana jiwe lililotoka kwenye lindo. Mvua ikapungua kidogo, na katika ule upungufu ikasikika sauti kutoka lango la gereza, sauti ya mwanamke analia, wala hanong'oni. Askari aliyefuatana na Sultani akainua fimbo, aende kumfukuza.

"Mwache," Sultani akasema.

Askari akadhani hakusikia vizuri.

"Nimesema mwache alie. Ni mke wa nani?"

"Mke wa Ameir, Bwana wangu," Vuai akasema. "Naye ana swali, ila ameshindwa kuliuliza kwa kilio, basi nimsaidie. Kosa la kukimbia lindo ni moja, na waliolitenda wamekamatwa, wamefungwa, na wote wamo. Je, katika Kingoni kosa moja hufungisha mara mbili?"

Wazee walikuwa wamekwisha teremka nao, wakatikisa vichwa: haijapata kuwa. Sultani akaamuru lango lifunguliwe. Ameir akatoka, amekonda, macho yanaumwa na mwanga, na Mize, ambaye sasa alikuwa ameruhusiwa kulia apendavyo, akamwona namna ndevu zake zilivyoota vibaya, akaangua kicheko.

Basi Sultani akamshika Vuai bega, akamwambia kwa sauti ya chini, wasisikie wengine, "Sema kweli, hakuna wa kukudhuru. Yale mawe hayakuwa na kosa, na mwashi hakuwa na kosa. Mwenye kosa alikuwa nani?"

Vuai akaukagua waya uliobaki chini, akamtazama Sultani kuanzia kilemba mpaka viatu, kama fundi apimaye.

"Bwana wangu," akasema, "swali hilo nikilijibu, itabidi nisuke tenga moja zaidi, na waya huu hautoshi."

Sultani akautazama ule waya. Watu wakaogopa. Kisha bega likaanza kumtikisika, akacheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia matopeni, akashika matenga kwa mikono miwili asianguke naye. Akaamuru Vuai awe bwana jela wa mawe maisha yake yote, na kapu lake la mchele lisikatwe, kwa kuwa wafungwa wake bado wamesusa. Na marufuku ya kilio ikafutwa siku ileile. Watoto wachanga wakarudishwa jumbani, na tangu hapo Sultani hakupata usingizi wa mchana.

Hekaya yangu nimeifunika na kifuniko nimekikaza kwa waya. Kama yavuja mahali, iacheni ivuje.