Pimbi Mtengeneza Njia na Kiboko wa Mara Mbili

— Ngano inabisha hodi!
— Ifungulieni!
— Imekuja na nini?
— Na vumbi!
— Na ukweli je?
— Umebaki njiani, unaziba pancha!

Basi palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, mnene kama andazi, asiye na mkia. Miguu yake ilikuwa mifupi, lakini mdomo wake ulikuwa mrefu. Na palikuwa na Kiboko, ambaye tumbo lake lilifika kila mahali kabla yake.

Mwaka huo kiangazi kilikaza. Mto ukakauka, likabaki bwawa moja tu, na ndani yake akalala Kiboko kutwa nzima. Akiingia yeye, maji yanatoka. Wengine wakija kunywa, anafoka, "Pamejaa!" Watoto wa wanyama wakawa wanalamba umande majanini, na umande wenyewe haukutosha.

Wakaenda kulia kwa Bi Kanga, mwamuzi wa nyika. Bi Kanga akamwita Kiboko.

"Sikatai kugawana," akasema Kiboko. "Nishindeni kwanza mbio."

Alikuwa na jeuri, maana alikuwa na pikipiki kubwa ya magurudumu manne. Ikipita, ngrrrrr, hata miiba hujikunyata. Wanyama wengine wote pamoja walikuwa na kipikipiki kimoja cha magurudumu mawili, chenye kikohozi.

"Akinishinda wa mawili, bwawa la wote," akasema Kiboko. "Nikishinda mimi, msije hata kunusa."

Bi Kanga akauliza, "Nani atatengeneza njia ya kuwafaa wa mawili na wa manne?"

"Mimi!" akasema Pimbi.

"Na nani ataendesha hicho cha mawili?"

"Mimi!" akasema Pimbi.

Mdomo ulikuwa umekwisha kujibu. Akili ilifika baadaye, ikihema. Pimbi hakuwahi kupanda pikipiki. Aliwahi kupanda mgongo wa Kobe tu, na hapo pia alianguka.

Lakini neno likitoka halirudi. Pimbi akachukua jembe. Akalima, tindi, tindi, tindi. Akakata kona. Akainua tuta la kurukia, akalishindilia kwa makalio yake, pu, pu, pu. "Afadhali hapa," akajiambia. "Kwa kazi hii Mungu alinipa vifaa."

Njia ikawa nzuri. Ila Pimbi akakuna kichwa. Pikipiki ya mawili huchimba mfereji mmoja. Ya manne huchimba miwili, na katikati huacha mgongo wa udongo. Mwenye mawili akiukanyaga mgongo huo, kwishnei. Pimbi akajiona tayari angani, miguu juu. Akavuta kamba ya ukindu katikati ya njia: kulia kwa mawili, kushoto kwa manne. Tuta huku, tuta kule. Kona huku, kona kule. Sawa kwa sawa.

Kiboko akaja kukagua, ngrrrrr.

"Tuta lile la nani?"

"La magurudumu mawili, mkubwa."

"Wa mawili tuta moja, na mimi wa manne tuta moja?"

"Ndiyo, mkubwa. Sawa kwa sawa."

"Sawa gani hiyo? Manne ni mara mbili ya mawili. Nataka mara mbili!"

Pimbi akaogopa, akashika jembe. Akamwinulia tuta la pili, pu, pu, pu. Kiboko akaondoka akicheka.

Kesho yake akarudi, ngrrrrr.

"Kona zile za nani?"

"Za magurudumu mawili, mkubwa."

"Na mimi wa manne?"

"Vilevile, mkubwa."

"Nataka mara mbili!"

Pimbi akamkatia kona nyingine juu ya zile, njia ya kushoto ikajipinda kama utumbo wa kuku. Alipokuwa akifuta jasho, akaitazama ile ya kulia, yenye kona chache. Akaitazama tena ya kushoto. "Loo!" akajiambia. "Kumbe hofu yangu ina akili kuliko mimi."

Siku ya mbio, asubuhi, Pimbi akawa anarashia njia maji ili kulaza vumbi. Alikuwa anabeba kwa kifuu, matone machache tu ya umande, cho, cho, cho.

Kiboko akaja. "Maji hayo ya nani?"

"Ya magurudumu mawili, mkubwa. Yako bado. Ila mimi na kifuu changu, mara mbili yako itatufikisha jua kuchwa."

"Kifuu!" akasema Kiboko kwa dharau. Akaenda bwawani, akajaza kinywa, akaja akatema njiani kwake, bwaaa! Akarudi, akajaza, akatema, bwaaa! Pimbi akawa amesimama pembeni, anasifu: "Kinywa hicho! Jamani, kinywa hicho!" Na kila akisifiwa, Kiboko anaongeza.

Bi Kanga akainua bawa. "Tayari? Kwa-ko! Kwa-ko! Kwa-ko!"

Kiboko akachomoka, ngrrrrr! Tuta la kwanza, tuta la pili. Kona, kona, kona tena.

Pimbi naye akavuta mafuta. Kipikipiki kikakohoa, koho-koho-ngwii, kikaruka mbele. Pimbi akakifuata kwa mikono, miguu ikipepea nyuma kama nguo kwenye kamba. Wanyama wakapiga makofi wakidhani ni maringo. Akafika kwenye tuta lake moja, lile zuri. Pikipiki ikaenda kwake, Pimbi akaenda kwake. Puu! Injini ikazimika, kimya.

"Nimejenga kaburi langu kwa makalio yangu mwenyewe," akagugumia, mdomo umejaa udongo.

Akasikia upande wa pili: ngrr... chwa, chwa, chwaaa. Magurudumu manne yalikuwa yanazunguka topeni, yanazama tu. Kiboko akashuka. Alikuwa na nguvu za kuibeba pikipiki ile mpaka mwisho, na Pimbi alilijua hilo.

Pimbi akainuka akichechemea, akaanza kusukuma kipikipiki chake. Alipofika usawa wa Kiboko, ng'ambo ya kamba, akaita, "Mkubwa! Tope hilo ni la baridi?"

Kiboko akasita. "La baridi," akasema.

"Angalia basi. Nyati yule pale anakuangalia. Nguruwe naye. Wanangoja utoke tu, waingie wao."

"Waingie kwangu?"

"Sisi huku hatuna hata tone, mkubwa. Lote lako. Ila ukiliacha..."

"Langu!" akanguruma Kiboko, akajitupa, chubwi! Akajitandaza kutoka ukingo mpaka ukingo. "Langu lote! Asogee mtu nimwone!"

Pimbi akasukuma. Akasukuma, akapumzika. Akasukuma, akaanguka. Konokono akampita, akamsalimu. Mwishowe akavuka mstari wa mwisho, pikipiki juu, yeye chini.

Wanyama wakamwinua. "Taratibu!" akalia. "Msinishike hapo!"

Wakakimbilia bwawani, wakubwa kwa wadogo, wakanywa mpaka matumbo yakasema ng'wa, ng'wa. Bi Kanga akamwuliza, "Bwana Pimbi, ile ya kuanguka nayo uliipanga?"

"Bi Kanga," akasema Pimbi, amesimama kwa kuwa kukaa hakuwezekani, "hiyo ndiyo pekee niliyokuwa na uhakika nayo."

Na Kiboko? Alikuwa bado yuko topeni, anawafukuza hata nzi, naye anajua ameshinda.

Ngano hii inatufunza nini? Inatufunza kwamba atengenezaye njia awapimie wote sawasawa, asimwongezee mtu hata kona, na kwamba dereva hodari hashuki katika chombo chake. Mkifuata hayo, wanangu, mtakufa kwa kiu.

— Ngano imenishusha hapa!
— Umeumia?
— Kidogo.
— Wapi?
— Ulizeni lingine!